Bahasha za Filamu ya 4x5 Ninazojitengenezea

Safari ya miguu kutoka Lushoto hadi Mtae ndiyo iliyonifundisha kuhesabu gramu. Nilikuwa na kamera ya inchi 4 kwa 5, stendi ya mbao, na vishikio kumi vya filamu, kila kimoja na filamu mbili. Kwenye mizani ya dukani kishikio kimoja kilisoma gramu karibu 180. Piga hesabu mwenyewe: karibu kilo mbili kwa picha ishirini tu, maji na chakula bado. Na kupunguza filamu sikutaka, kwa sababu ukungu wa Usambara ukifunguka unafunguka ghafla, na ukifunga umefunga.

Zamani dawa ya tatizo hili iliuzwa madukani. Kodak walikuwa na Readyload, Fuji walikuwa na Quickload: filamu imelala ndani ya bahasha nyembamba isiyopitisha mwanga, na kishikio ni kimoja tu kwa zote. Unaingiza bahasha, unaivuta, unapiga, unairudisha. Zote mbili zimeacha kutengenezwa. Polaroid nao walitangaza mwaka 2008 kwamba wanaacha filamu zao za papo kwa papo, na vishikio vyao vya 545, ambavyo hupokea pia paketi za Quickload, vikabaki makabatini bila kazi. Rafiki anayeishi Ujerumani aliniletea kimoja, pamoja na paketi kumi na mbili za Quickload zilizokwisha kutumika. Nilianzia hapo.

Siri yote imo kwenye kibanio cha bati kilicho mwisho wa paketi. Kibanio ndicho kinachoshika ncha ya filamu, na ndicho kinachoziba mdomo wa bahasha. Ukiisukuma paketi hadi mwisho, kishikio kinakinasa kibanio. Ukivuta, bahasha inatoka na filamu inabaki mbele ya lenzi. Vibanio vya zamani navitumia tena. Bahasha ndiyo ninayoitengeneza upya, kwa manila nyeusi nzito, nikifuata vipimo vya paketi niliyoifungua. Gundi iwe kidogo, nayo ikauke usiku kucha kabla filamu haijakaribia.

Bahasha nane za kwanza niliziharibu. Sita zilitoa negativu zenye mstari mweusi upande wa kibanio, yaani mwanga uliingia. Nililaumu karatasi, nikaongeza tabaka la pili, bahasha ikawa nene na mstari haukuondoka. Kumbe kosa lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimekata kwa mkasi, mdomo ukapinda kidogo sana, na vibanio vilikuwa vimetanuka kwa kutumika. Sasa nakata kwa wembe na rula ya chuma, mdomo unazama ndani ya kibanio milimita 5 kamili, na kila kibanio nakibana kwa koleo nililolifunga kitambaa. Kikiingia kwa ulegevu, sikitumii.

Kabla ya kuiamini bahasha, ijaribu kwa karatasi ya picha, maana karatasi unaipakia chini ya taa nyekundu huku unaona unachofanya. Lakini karatasi inahesabiwa kama ISO 6 hivi, na filamu yangu ni ISO 400, kwa hiyo iache juani nusu saa nzima, kila upande. Nusu saa hiyo ni sawa na nusu dakika tu ya filamu. Ikitoka nyeupe, bado hujamaliza: karatasi haioni wekundu, filamu inauona, na manila hafifu huweza kupitisha wekundu huo. Toa sadaka filamu moja kwa jaribio la mwisho.

Kupakia nafanyia bafuni usiku, baada ya kumwaga maji ya moto sakafuni ili vumbi litulie. Shika filamu wima; ukigusa vikato vya ukingoni kwenye kona ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama. Upande huo ndio utakaoelekea lenzi. Ncha ya filamu naibandika kwenye kibanio kwa utepe mwembamba, nikikubali kupoteza milimita chache za picha. Kisha telezesha bahasha polepole. Ukiharakisha, filamu inakwaruzika.

Ukiwa porini, wenzo wa 545 ubaki kwenye L, kwa sababu roli zake za kukamua dawa ya Polaroid hazina kazi hapa. Baada ya kupiga, sukuma bahasha mpaka uhisi mdomo umekaa ndani ya kibanio, ndipo ufungue kinasio. Ukivuta kabla ya hapo, kibanio kinabaki ndani na filamu inaanikwa juani. Mimi nasukuma mara mbili, kila picha.

Bahasha yenye filamu ina gramu 20 hivi. Kishikio nacho kina uzito wake, kwa hiyo kwa picha nne usihangaike. Anza kufikiria ukifika ishirini.

Jambo ambalo sikulitarajia ni penseli. Vishikio vya kawaida vilinilazimu kubeba daftari, nikachanganya namba mara nyingi. Sasa naandika kwenye bahasha yenyewe, na kila picha imevaa maelezo yake. Juzi nimesafisha nilizopiga niliporudi Mtae na bahasha hizi. Ya saba ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wa mkono wenye baridi: ukungu, f/32, sekunde 4, ongeza dakika mbili kwenye dawa. Niliziongeza. Miteremko imetengana mmoja mmoja, na bonde la Mkomazi linaonekana chini yake.