Umebonyeza Kitufe, Pikipiki Mpya Imekataa Kuwaka: Tuanzie Wapi?

Leo tunaacha kidogo mambo ya fomu na barua za shule, tuzungumze juu ya pikipiki. Sisi tuliotoka Kivu tunaiita moto, na tukisema "moto yangu imezimika" jirani wa Tanzania anakimbilia ndoo ya maji. Kwa hiyo humu nitasema pikipiki.

Familia kadhaa katika jumuiya yetu zimenunua pikipiki mpya zilizotengenezwa China. Sababu naijua. Zamu ya kiwandani inaanza saa tano usiku, na basi la mwisho linapita saa tatu. Gari ni ghali, bima yake ni ghali zaidi. Pikipiki inafika ndani ya sanduku la mbao, unaifunga vioo na gurudumu la mbele, unaweka betri, unaondoka. Kisha asubuhi ya tatu unabonyeza kitufe cha stata, ile ambayo mafundi wa kwetu wanaiita selfu, na hakuna kitu. Ukikosa zamu mbili tatu, kazi yenyewe inakuwa mashakani. Ndiyo maana somo hili lipo.

Baba mmoja aliyewahi kuendesha abiria kule Uvira alinipigia simu akiwa katika hali hiyo. Aliipeleka pikipiki kwenye gereji moja, wakamwambia stata imekufa, inunuliwe nyingine. Bei waliyomtajia ilikuwa karibu mshahara wake wa wiki. Alitaka nimsaidie kuandika maombi ya mkopo. Nikamwomba kwanza tuitazame pamoja.

Kwenye shingo ya fremu kulikuwa na namba ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na L. Herufi hiyo mwanzoni inaonyesha kwamba chombo kimetengenezwa China. Kibao cha kiwanda kilisema Xintang, Guangzhou. Xintang ni mji ulioko Zengcheng, upande wa mashariki wa Guangzhou. Wafanyabiashara wa nguo wanaujua kwa suruali za jinzi, lakini una viwanda vya pikipiki pia. Injini yenyewe ilikuwa ya muundo tunaoufahamu. Mwaka 1976 Honda walianza kutoa CG125, injini rahisi isiyodai matunzo mengi, na viwanda vingi vya China vikafuata muundo huo. Bodaboda nyingi za Afrika Mashariki zina injini za ukoo huo. Yaani aliyekuwa anatengeneza pikipiki Baraka au Kasulu asidhani hapa ujuzi wake umekwisha thamani.

Kabla ya kushika chombo chochote, elewa njia ya umeme. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni ya waya nyembamba, nayo inapeleka amri: kutoka betri, kupitia fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi nyekundu ya kuzima injini, swichi ya klachi au ya gia, mpaka kitufe cha stata na rilei. Ya pili ni ya waya nene, nayo inapeleka nguvu: kutoka betri, kupitia rilei, hadi kwenye mota ya stata, kisha umeme unarudi betri kupitia mwili wa injini na waya mnene wa ethi. Rilei ndiyo mlango kati ya njia hizo mbili. Amri ikifika, mlango unafungwa kwa sauti ya "ta!", na makumi ya ampea yanapita kwenda kwenye stata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusikiliza. Weka gia huru, taa ya kijani ya N iwake, kamata klachi, bonyeza.

Kukiwa kimya kabisa, tatizo mara nyingi liko kwenye njia ya amri. Angalia swichi nyekundu kwenye mkono wa kulia kabla ya yote. Usicheke, mimi mwenyewe nimewahi kusukuma pikipiki nusu mtaa mtoto akiwa ameichezea swichi hiyo. Pikipiki nyingine hukataa kama stendi ya pembeni haijapandishwa, jambo ambalo zile za zamani za kwetu hazikuwa nalo. Kisha fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye ampea zile zile zilizoandikwa. Najua kule tulifunga uzi wa waya au karatasi ya sigara na safari ikaendelea. Usifanye hivyo. Fyuzi hukatika ili waya zisiungue, na waya hizo zinapita chini ya tangi la petroli.

Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, shuku betri. Hapa wengi wanakosea siku ya kwanza kabisa. Betri nyingine huja kavu, na asidi yake iko kwenye chupa pembeni. Mtu anamimina asidi, anafunga, anawasha papo hapo, na kwa kuwa imewaka anaona kazi imekwisha. Betri hiyo haijajaa. Baada ya kumimina, iache kama nusu saa, kisha ichaji polepole kwa saa kadhaa kwa umeme mdogo, karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Betri ya ampea-saa 7 inataka chaja ya ampea 0.7 hivi. Fanya hivyo mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Vaa miwani na glavu. Asidi ikikugusa, osha kwa maji mengi bila kukawia, na ikiingia machoni endelea kuosha huku mwenzako akipiga simu ya dharura. Watoto wasiwe karibu.

Nunua maltimita, ile mita ndogo ya kupimia umeme. Ya bei ya chini inatosha, na itakulipa mara ya kwanza tu utakapoitumia. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.0 imekwisha, hata kama taa zinawaka. Sasa mwenzako abonyeze kitufe huku ukitazama mita: ikiporomoka chini ya 9.5, betri haina nguvu. Injini ikiwa inawaka na umeongeza mafuta kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, pikipiki haiichaji betri, na kununua betri mpya ni kumwaga maji kwenye gunia.

Ukisikia "ta!" moja kisha kimya, amri imefika, lakini nguvu haipiti. Huenda rilei imechoka ndani, huenda stata kweli imekufa, lakini kwenye pikipiki mpya shuku kwanza viungo. Pikipiki ya baba yule ilikuwa hapa. Betri ilisoma 12.7, na alipobonyeza ikashuka hadi 12.1 tu. Kama stata ingekuwa inavuta umeme wake wote, betri ingeshuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo kulikuwa na kizuizi njiani. Nikaweka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, na nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Akabonyeza. Kati ya sehemu hizo mbili haifai kuonekana zaidi ya nusu volti. Tuliona 8. Yaani sehemu kubwa ya nguvu ilikuwa inapotelea kwenye njia ya kurudi, na stata ilipata makombo.

Tukaigusa waya nyembamba ya ethi. Katika pikipiki hizi ethi mara nyingi ni ya kijani, siyo nyeusi, kumbuka hilo. Ilikuwa ya moto. Umeme ulikosa njia yake pana ukalazimisha kupita kwenye kichochoro. Angeendelea kubonyeza wiki nzima, waya ile ingeyeyuka, na jirani yake kwenye fremu ni mpira wa petroli.

Chanzo kilikuwa boliti ya waya mnene wa ethi, iliyofungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Tukafungua nguzo hasi ya betri kwanza (ukirudisha, hasi inakuwa ya mwisho), tukasugua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, tukakaza, tukapaka grisi juu yake ili kutu isiingie. Injini ikazunguka mara moja. Stata haikuwa na kosa lolote.

Bado kuna sauti ya nne: stata inazunguka "wiiii" lakini injini haigeuki. Hapo tatizo ni la mitambo ndani, klachi ya stata au gia zake. Usifungue. Pikipiki ikiwa bado kwenye waranti, mwandikie muuzaji kabla ya kugusa spana yoyote, ambatanisha picha ya namba ya fremu, risiti, na video fupi yenye sauti. Kama Kiingereza kinakupa shida, njoo ofisini, barua hiyo tunaiandika pamoja kwa dakika 20.

Mambo machache ya haraka. Usishike kitufe zaidi ya sekunde tano, kisha ipumzishe stata. Ukiazima umeme wa gari, injini ya gari iwe imezimwa. Usiunganishe nguzo za rilei kwa bisibisi kama walivyofanya mafundi wetu: cheche ni kubwa, na gia ikiwa imeingia pikipiki itakurukia. Kwenye baridi kali betri hupoteza nguvu na oili huwa nzito, basi ing'oe uihifadhi pasipo na barafu.

Na kwa anayefikiria kununua, hapa Marekani kabla hujalipa tafuta kwenye fremu vibandiko viwili, cha usalama wa barabarani na cha moshi. Bila hivyo unaweza kunyimwa namba za barabarani. Pia leseni ya gari peke yake haitoshi karibu kila jimbo, unahitaji ruhusa ya pikipiki. Maltimita ya ofisi iko kwenye droo yangu, unaweza kuiazima kwa siku mbili.