Usilipie Makala Kabla Hujaitafuta Pembeni

Umekuta makala ya kitaaluma inayogusa hasa unachokitafuta, tuseme sumukuvu kwenye mahindi. Unasoma ikisiri, unabofya, unaambiwa utoe dola 30 na ushee ili usome kurasa nane. Subiri kwanza. Makala moja ya utafiti mara nyingi ina nakala kadhaa mtandaoni, na iliyofungwa huenda ni ile ya mchapishaji peke yake.

Anza na Google Scholar. Andika jina zima la makala ndani ya alama za kunukuu. Likitokea jibu, usikimbilie kubofya kichwa chake, maana hicho kitakurudisha kwa mchapishaji. Kama unatumia kompyuta, angalia upande wa kulia: kiungo cha PDF ya bure kikiwepo, hukaa hapo. Kisipokuwepo, shuka chini ya maelezo mafupi, bofya kiungo cha matoleo yote. Humo ndimo hujificha nakala ambayo mwandishi aliiweka kwenye hazina ya chuo chake. Inaweza kuwa ni muswada uliokubaliwa, haujapangwa safu wala kuwekewa nembo ya jarida, lakini hoja na majedwali ni yale yale. Ukinukuu ukurasa tu ndipo uwe mwangalifu, kwa sababu namba za kurasa hutofautiana. Asiyetaka usumbufu huo wote aweke Unpaywall kwenye kivinjari chake. Kufuli la kijani likijitokeza pembeni ya ukurasa, nakala halali ya bure ipo.

Kama bado hujajua makala gani unaitaka, kazi iko kwenye maneno ya kutafutia. Faharasa nyingi ziko kwa Kiingereza, hilo halina mjadala. Ila kwa viumbe, magonjwa na mazao, jina la kisayansi hukutoa haraka zaidi: Aspergillus flavus, kuvu wanaotoa sumukuvu, wanaitwa hivyo hivyo kwa mtafiti wa Brazil na wa Morogoro. Kisha ongeza jina la mahali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na ukiandika majina ya mikoa hiyo pamoja na la kuvu, utapunguza rundo la majibu likawa la kusomeka.

Anayevuka kutoka fani moja kwenda nyingine hupotea kwa sababu anatafuta kwenye duka lisilo lake. Wanafizikia na wanahisabati huweka kazi zao arXiv, iliyoanza 1991, aghalabu kabla hazijahakikiwa na mtu yeyote. Watu wa tiba wana PubMed Central, iliyofunguliwa mwaka 2000, na tangu 2008 utafiti unaogharimiwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, unatakiwa kuwekwa humo. Wachumi husomana kupitia RePEc. Wanahistoria na watu wa fasihi bado wanaamini vitabu, kwa hiyo huko tafuta OAPEN, ambako vitabu vizima vya kitaaluma hupakuliwa bure. Wa Kiswahili ana jarida la Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani na kusomwa bila malipo. Majarida ya Afrika yamekusanywa na AJOL, yenye makao Afrika Kusini. Si yote ni ya bure, ila mengi ni ya bure.

Sasa, nakala ya bure umeipata, na jarida lenyewe linachapisha kila kitu: uhandisi, ndizi, saikolojia, sheria ya ardhi. Wengi wakiona hivyo humalizia kuwa ni la kitapeli. Mimi sikubaliani. PLOS ONE, lililoanza mwaka 2006, hupokea sayansi za kila aina, na wahakiki wake huulizwa kama kazi imefanywa sawasawa. Upya wa kushangaza si sharti. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, aliandika makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaijaza makosa ambayo mhakiki makini asingeyakosa, akabandika majina ya watafiti wa kubuni na vyuo vya Afrika visivyokuwepo, kisha akaituma kwa majarida huria 304. Majarida 157 yaliikubali. PLOS ONE liliikataa.

Kwa hiyo upana wa jarida uache. Fungua orodha ya wahariri, mtafute yule wa fani ya makala unayoisoma, kisha nenda kwenye ukurasa wa chuo chake uone kama yupo na kama analitaja jarida hilo. Halafu litafute jarida kwenye DOAJ, orodha iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, ambayo hukagua majarida huria kabla ya kuyaingiza. ISSN isikubabaishe: ni namba ya utambulisho tu, haipimi ubora. Jarida linaloahidi kuhakiki na kuchapisha ndani ya siku tatu limeshakujibu lenyewe. Na hata jarida kubwa huteleza: makala ya Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilitoka The Lancet, ikafutwa rasmi mwaka 2010. Hakikisha juu ya makala yako hakuna tangazo la kufutwa.

Ukikosa kote, mwandikie mwandishi. Anwani ya barua pepe iko kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, na mara nyingi hata kwenye ikisiri. Sentensi tatu zinatosha: wewe ni nani, makala gani, unaitakia nini. Yeye hapati hata senti kwenye zile dola 30, na wengi hujibu kwa furaha. Kama uko chuoni au hospitalini, muulize pia mkutubi kuhusu Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi kama zetu majarida ya kulipia. Taasisi iliyosajiliwa huwa na neno la siri, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Mwisho angalia leseni, hasa kama unataka kuwatafsiria makala wakulima wa chama chenu. Leseni ya Creative Commons yenye alama CC BY inakuruhusu kutafsiri na kuchapa, mradi umtaje mwandishi na useme kuwa umetafsiri. Yenye herufi NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo kijitabu usikiuze. Yenye ND hairuhusu kusambaza tafsiri kabisa, mpaka uombe kibali cha mwenye haki.