Barua ya Chifu Haitoshi: Kuwa Mlezi wa Kisheria Bila Kuajiri Wakili

Tuseme una miaka 63, unaishi mtaa wa Mbotela, Nairobi, na mjukuu wako wa miaka saba analala chumba kimoja nawe tangu binti yako alipofariki. Asubuhi unamchemshia uji, jioni unamngoja getini. Shuleni, kanisani na kwenye ploti hakuna asiyejua kwamba mtoto huyu ni wako. Kisha siku moja unakwenda kuulizia pesa ambazo marehemu alimwachia mwanawe. Unafungua mfuko wa plastiki uliouweka chini ya godoro na kupanga karatasi zako kwenye kaunta moja moja: kadi ya kliniki iliyochakaa pembe, kibali cha mazishi, barua ya chifu yenye muhuri. Karani anazisoma zote kwa heshima, kisha anauliza: “Mama, una amri ya mahakama?”

Wengi hurudi nyumbani hapo na kuachilia mambo, kwa kuamini kwamba neno “mahakama” maana yake ni wakili, na wakili maana yake ni pesa wasizo nazo. Si lazima iwe hivyo. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu wa kawaida kuomba ulezi mwenyewe, kwa jina lake na kwa mdomo wake. Safu hii inakuonyesha njia.

Sheria inasema nini

Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inaagiza kwamba katika jambo lolote linalomhusu mtoto, maslahi yake yatangulie. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, ndiyo inayoeleza mlezi wa kisheria hupatikanaje. Njia ni mbili. Ya kwanza, mzazi mwenyewe akiwa hai anamteua mtu kwa wosia au kwa hati maalumu. Ya pili, mahakama ya watoto inamteua mtu baada ya kuombwa, hasa pale wazazi wamefariki au hawajulikani waliko.

Jambo moja huzua ugomvi katika familia nyingi: mzazi mmoja akifa, aliyebaki ndiye mwenye jukumu la mtoto. Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hiyo ikiwa baba wa mjukuu wako yuko hai, hata kama hajawahi kununua daftari, mahakama itataka kujua habari zake. Usimfiche. Eleza ukweli: yuko wapi, mara ya mwisho alionekana lini, amesaidia nini au hakusaidia. Hakimu anaweza kumpa nyanya ulezi hata baba akiwepo, maslahi ya mtoto yakidai hivyo. Lakini kudanganya katika kiapo ni kosa la jinai, na uwongo ukigunduliwa unaweza kukupotezea ombi lote.

Ulezi si kuasili, wala si urithi

Kuasili mtoto hukata uhusiano wa kisheria kati yake na wazazi waliomzaa, na humfanya kuwa mtoto wako moja kwa moja. Ulezi haukati kitu. Mjukuu anabaki na jina la mama yake na ukoo wake, nawe unapata mamlaka ya kumsimamia: matibabu, shule, usafiri, mali yake. Kwa kawaida ulezi huisha akitimiza miaka 18, isipokuwa mahakama iuongeze kwa sababu maalumu. Kwa familia za Kiislamu, Sheria ya 2022 inaitambua pia kafala, yaani malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu.

Amri ya ulezi, hata hivyo, haikupi mamlaka juu ya ploti au akaunti iliyo bado kwa jina la marehemu. Hiyo ni kesi nyingine, ya urithi, inayoongozwa na Sheria ya Urithi. Humo, palipo na mrithi ambaye bado ni mtoto, wasimamizi wa mali hutakiwa wasipungue wawili. Familia nyingi hushinda kesi ya kwanza kisha zikashangaa benki bado haifungui mlango. Mapema kabisa jiulize: ninachohitaji ni mamlaka juu ya mtoto, juu ya mali ya marehemu, au vyote viwili?

Kusanya karatasi kwanza

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Ukiwa na kibali tu, anza kwa kuomba cheti kwenye ofisi za usajili wa raia. Mtoto naye awe na cheti cha kuzaliwa. Kama hakuwahi kusajiliwa, upo utaratibu wa kusajili kwa kuchelewa, na kadi ya kliniki husaidia sana hapo, kwa hiyo usiitupe. Maombi ya vyeti hivi hupitia eCitizen, na ukikwama, Huduma Centre ya Makadara iko karibu na Mbotela.

Ongeza nakala ya kitambulisho chako, barua ya chifu, barua kutoka shuleni inayosema nani humleta mtoto na nani hulipa, na barua za ndugu wa karibu wanaokubali uwe mlezi. Barua ya chifu haikupi ulezi, lakini ni ushahidi mzuri kwamba unaishi na mtoto na unajulikana mtaani.

Kisha mwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo ya Makadara. Usimwogope. Huyu ndiye ambaye kwa kawaida mahakama humwagiza aje nyumbani kwako, aone mtoto analala wapi na anakula nini, aongee naye, kisha aandike ripoti. Chumba kimoja si aibu. Anachotafuta ni mtoto aliye salama na anayependwa.

Kufungua kesi

Mahakama ya Makadara iko hapo hapo Barabara ya Jogoo, na ni rahisi kufikiri ndipo pa kuanzia. Lakini maombi ya ulezi husikilizwa na mahakama ya watoto, na ya Nairobi iko Milimani. Kabla ya kulipa chochote, nenda kwenye dawati la huduma kwa wateja mahakamani, uliza masjala ipi itapokea ombi lako.

Utahitaji maandishi mawili: ombi lenyewe, linalosema unaomba nini, na hati ya kiapo, inayoeleza kwa nini. Hati ya kiapo ni hadithi yako, aya moja jambo moja, zikiwa na namba. Mimi ni nani. Mtoto ni nani, alizaliwa lini. Mama yake alifariki lini. Baba yuko wapi. Nimemlea tangu lini. Naomba ulezi kwa sababu gani. Nyuma yake unaambatisha nakala za karatasi zako, kisha unaapa na kutia sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Usitie sahihi kabla ya kusomewa kila mstari kwa lugha unayoielewa, maana hicho ni kiapo chako.

Tangu Julai 2020 mahakama za Nairobi hupokea kesi kwa njia ya mtandao. Unajisajili kama mtu binafsi anayejiwakilisha, unapakia maandishi, unalipa ada, unapewa namba ya kesi. Cyber ya mtaani inaweza kukupakilia, ila neno la siri na namba ya kesi viandikwe kwenye daftari lako na vikae kwako. Kama ada inakushinda, omba kwa maandishi usamehewe. Ibara ya 48 ya Katiba inasema ada isimzuie mtu kupata haki. Na yeyote anayekudai pesa nje ya lango la mahakama kwa ahadi ya “kuharakisha” faili, mpite.

Siku ya kusikilizwa

Kesi za watoto husikilizwa faraghani, bila umati wa watazamaji. Fika mapema na karatasi zako halisi, si nakala tu. Kiswahili ni lugha halali katika mahakama za chini, ingawa maombi ya maandishi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Ongea polepole, jibu ulichoulizwa, na usipoelewa sema: “Mheshimiwa, sijaelewa, naomba urudie.” Mtoto anaweza kuulizwa anataka kuishi na nani, kulingana na umri wake. Usimfundishe la kusema.

Kukiwa na dharura, kwa mfano mtoto anahitaji upasuaji, liseme hilo katika ombi lako. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda huku kesi ikiendelea. Amri ya mwisho ikitolewa, usiondoke bila kuuliza utachukua lini nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Nakala hiyo ndiyo karani wa kaunta alikuwa akiitafuta.

Kumbuka pia kwamba ulezi ni dhamana. Ukikabidhiwa mali ya mtoto, tunza risiti, kwa kuwa mahakama inaweza kukutaka utoe hesabu. Mlezi anayekula mali ya yatima anaweza kuondolewa na kushtakiwa.

Msaada wa bure upo

Kujiwakilisha si kubaki peke yako. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo tangu 1973. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa 1985, huwafundisha watu kuandaa maandishi yao na kusimama wenyewe mbele ya hakimu. Serikali nayo ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, chini ya sheria ya mwaka 2016. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, simu ya bure. Na ndugu wakianza kugombania mtoto au mali kwa nguvu, hapo tafuta wakili kupitia mashirika haya. Kesi yenye upinzani mkali si ya kubeba peke yako.

Neno kwa mzazi aliye hai

Sehemu kubwa ya safari hii, ya masjala na viapo, mzazi angeweza kumwepushia mama yake kwa ukurasa mmoja. Hati ya kumteua mlezi iwe kwa maandishi, iwe na tarehe, na itiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mwulize kwanza unayemteua kama anakubali, na umwonyeshe mahali utakapoiweka.

Kuandika jina la atakayemlea mwanao hakuiti kifo. Mbotela milango imetazamana, na mashahidi wawili huwakosi. Waite jioni hii, wakati wewe mwenyewe bado unaweza kusema mwanao abaki na nani.