"Mfungwa" na "Mzuiliwa": Neno na Njia ya Kumtafuta Babu

Makala haya yanachunguza jinsi uteuzi wa neno unavyoweza kusaidia au kukwamisha familia za mitaa ya Eastlands, Nairobi, zinazotafuta habari za jamaa waliochukuliwa wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960).

Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi, wakapekua mitaa ya Waafrika ikiwemo Pumwani na Bahati. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa, wakachujwa Lang'ata, kisha wakasafirishwa hadi kambi za Mackinnon Road na Manyani. Baadhi walihamishiwa visiwa vya Manda na Mageta, au Hola kando ya Mto Tana, ambako walioitwa wakaidi walikusudiwa kulowezwa wasirudi kwao. Ni huko Hola ambako wazuiliwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959.

Katika mazungumzo ya kawaida, mjukuu husema, "Babu alifungwa." Kauli hiyo inaeleweka, lakini kwa mtafiti haitoshi. Mfungwa ni mtu aliyehukumiwa: ana shtaka, kesi na muda wa kifungo. Mzuiliwa alishikwa kwa amri ya serikali, bila kesi wala tarehe ya kutoka. Anayetafuta jina la mzuiliwa katika kumbukumbu za mahakama huenda akahitimisha kimakosa kwamba babu hakuwahi kuchukuliwa.

Maneno yote mawili yamo katika kauli ya kutendwa, ambayo humruhusu msemaji kumwacha mtenda bila kumtaja. Hapo ndipo swali la mnyambuliko linapogeuka kuwa swali la historia: nani alifunga, na nani alizuia? Mfano bayana ni Ramogi Achieng' Oneko. Mwaka 1953 alihukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, akawa mfungwa. Rufaa yake ilifaulu, lakini hakuachiliwa. Alibaki kizuizini hadi mwaka 1961. Hali yake kisheria ilibadilika ilhali minyororo ni ile ile.

Tofauti hii ina uzito hata leo. Mwaka 2011, Uingereza ilikiri kuhifadhi kwa siri, huko Hanslope Park, majalada yaliyoondolewa katika makoloni yake. Majalada hayo yalisaidia kesi ya wahanga wa mateso, na mwaka 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228.

Kwa kuhitimisha, mwanafunzi anayewahoji wazee wa Bahati au Pumwani asiridhike na kitenzi kimoja. Aulize kama kulikuwa na hakimu au amri tu, kambi zipi zilifuatana, na jina liliandikwaje kwenye kipande. Akiwa na majibu hayo, ataingia katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, jijini Nairobi, akijua aombe jalada la aina gani.