Wasikukimbie Walimu wa Klabu: Vidokezo kwa Viongozi

Nchini Marekani, klabu kubwa za magari kama Porsche Club of America, iliyoanzishwa 1955, na BMW Car Club of America ya 1969, huwategemea watu wanaojitolea kufundisha udereva. Ni watu wenye kazi zao wiki nzima, lakini Jumamosi alfajiri wako kwenye uwanja wa mbio za magari, wanapanda gari la mtu wasiyemjua na kumwelekeza namna ya kuingia kona kwa kasi. Hawalipwi mshahara. Mmoja akiondoka, kumpata wa kuziba nafasi yake si kazi ya siku moja. Kwa hiyo wewe unayeongoza klabu, watunze hawa ulionao.

1. Mlinde kabla ya kumshukuru
Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwalimu anakaa kiti cha abiria, ambacho Marekani ni cha kulia, hana usukani wala breki. Uhai wake uko mikononi mwa mwanafunzi. Oktoba 2013, Sean Edwards, dereva Mwingereza aliyekuwa akiongoza msimamo wa Porsche Supercup, alifariki katika uwanja wa Queensland Raceway, Australia, akiwa kwenye kiti hicho hicho, akimfundisha mtu. Kama wataalamu wa kiwango chake hufikwa na haya, usifanyie mzaha usalama wa anayejitolea. Gari likaguliwe kabla halijaingia uwanjani: breki, matairi, nati za magurudumu. Mkanda wa mwalimu uwe sawa na wa dereva. Si haki mmoja afungwe mkanda wa mbio na mwenzake aachiwe wa kawaida. Na mwalimu akisema, "Gari hili sipandi," muungeni mkono hapo hapo, mbele ya mwenye gari. Mwalimu aliyelazimishwa kupanda hamtamwona tena.

2. Mwambie mapema atakuwa na nani
Mpe jina la mwanafunzi, aina ya gari na uzoefu wake siku kadhaa kabla. Kumgawia mwanafunzi getini saa moja asubuhi ni kumvunjia heshima, na kunawanyima wote wawili nafasi ya kuzungumza kwa simu wakafahamiana.

3. Usiguse muda wake wa kuendesha
Walimu wengi walianza kufundisha kwa sababu wanapenda kuendesha. Ndiyo maana klabu huwaachia waingie uwanjani na magari yao bure au kwa bei nafuu. Tatizo huja mvua ikinyesha au ajali ikila ratiba: muda wa walimu ndio wa kwanza kukatwa. Hiyo ni shukrani ya punda. Punguzeni kwa makundi yote, au zungumzeni nao kwanza.

4. Maji, kivuli, chakula cha moto
Walimu ndio wapate kwanza. Basi.

5. Mfundishe kufundisha
Kuendesha vizuri ni jambo moja, na kumtuliza mtu anayetetemeka kwenye usukani ni jambo jingine kabisa. Motorsport Safety Foundation ina mafunzo na vyeti kwa walimu wa aina hii. Klabu imsaidie mwalimu mpya kuvipata, kisha imuweke karibu na mkongwe. Atajifunza kuwa kwenye kona hakuna nafasi ya hotuba. Ni "breki, breki, achia, geuza, gesi," kwa sauti ile ile tulivu. Mtu anayeona ujuzi wake unakua ana sababu ya kurudi.

6. Mletee habari za mwanafunzi wake
Tangu 2002, wakfu wa klabu ya BMW umekuwa ukiendesha mafunzo ya Street Survival kwa vijana wanaoanza udereva, kwenye maegesho yaliyopangwa koni na lami iliyomwagiwa maji. Kijana anakuja na gari analoliendesha kila siku. Anakanyaga breki kwa nguvu, mfumo wa breki wa ABS unatetemesha pedali, anashtuka na kuachia. "Usiachie," anasema mwalimu, "hiyo ndiyo kazi yake. Kandamiza!" Wanarudia mpaka gari linasimama kabla ya koni.

Mwalimu yule anarudi nyumbani bila kujua kama somo lilimfaa kijana. Basi muombe kijana, au mzazi wake, aandike mistari miwili mitatu, na uifikishe. Kwangu mimi, barua hiyo inazidi fulana na ngao za kila mwisho wa mwaka.

7. Mkubali anayepumzika
Usimpangie wanafunzi wengi kwa siku moja mpaka akose hata nafasi ya kunywa chai. Akisema msimu huu ana mtoto mchanga au amechoka, usimnunie wala usimfute kwenye orodha.

Wiki hii, chukua orodha ya mwaka jana. Tafuta walimu ambao hawajajiandikisha tena, uwapigie simu wewe mwenyewe, uwaulize kilichowaondoa. Kisha wasikilize bila kujitetea.