Raccolto na Resa: Mavuno ya Ngano katika Italia

Waitalia hutenganisha mambo mawili ambayo sisi kwa kawaida huyaita "mavuno". Raccolto ni jumla ya mazao yaliyokusanywa. Resa ni kiasi kinachotolewa na kila hekta. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mussolini alipotangaza "Vita vya Ngano" mwaka 1925, raccolto iliongezeka, lakini kwa sehemu ni kwa sababu malisho yalilimwa, na wafugaji wakaumia. Resa ilihitaji mbegu bora. Ngano ya Rieti ilistahimili kutu, ila bua lake refu lilianguka mbolea ilipozidi. Mwaka 1913 Nazareno Strampelli alipandanisha mseto wake na Akakomugi ya Japani, akapata ngano fupi, iliyokomaa kabla ya joto kali la kiangazi.