Matope, mto na mbu: linda afya yako safarini Homa Bay na Migori

Kwa wapenzi wa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, mvua si sababu ya kubaki nyumbani. Wengi huiona ndiyo raha yenyewe. Kenya ina historia ndefu ya mchezo huu: mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 na yakapata sifa kwa matope ya msimu wa Pasaka, na Rhino Charge ilianza mwaka 1989. Lakini gari lenye nguvu halimpi dereva mwili wa chuma. Somo letu la leo linamhusu msomaji anayepanga kwenda na wenzake Bonde la Lambwe, Mbita au Nyatike mwishoni mwa juma wakati wa mvua.

Mto uliofurika

Mto Kuja huteremka kutoka nyanda za juu za Kisii, ukaungana na Mto Migori, kisha ukaingia Ziwa Victoria huko Nyatike. Kwa hivyo mvua iliyonyesha mbali inaweza kujaza mto mahali ambapo jua linawaka. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kulielea gari dogo, na yakifika sentimita 60 huchukua hata gari kubwa la magurudumu manne. Usimtume mwenzako kupima kina kwa miguu. Sentimita 15 tu za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Rudini au ngojeni. Gari likizimika majini na maji yakipanda, fungueni mikanda na madirisha mara moja, mtoke.

Gari likikwama

Udongo mweusi wa Mbuga ya Ruma, iliyoko Bonde la Lambwe, hunasa magurudumu kama gundi. Hatari kubwa hapa ni kamba ya kuvutia gari. Ikikatika, huruka kwa nguvu za kuweza kuua. Watu wasimame mbali, kupita urefu wa kamba yenyewe, na koti zito au blanketi litandikwe juu yake ili kupunguza mrusho. Mtu asiiruke wala kuikanyaga ikiwa imekazwa.

Kumbukeni pia bomba la moshi. Likizibwa na matope huku injini ikinguruma, gesi ya kaboni monoksaidi huweza kuingia ndani. Gesi hii haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Zimeni injini, mtoke kwenye hewa safi. Kamwe msilale garini injini ikiwaka kwa sababu ya baridi. Badilisheni nguo zilizolowa na mjifunike blanketi.

Radi zikianza, kaeni ndani ya gari lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, na msitoke mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mti si mahali pa kujikinga.

Maji ya ziwa na mbung'o

Baada ya kupakwa matope, ziwa huvutia. Lakini vijidudu vya kichocho hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Si lazima uyanywe maji. Oga kwa maji safi ya bomba au yaliyochemshwa. Ukiwa umeingia ziwani, pimwa baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ya prazikwanteli hutibu.

Kuhusu malale, habari ni njema. Lambwe liliogopwa kwa ugonjwa huo miaka mingi, ila mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Hata hivyo mbung'o wangalipo. Huvutwa na gari linalokwenda na rangi ya buluu au nyeusi, basi vaeni nguo za kaki zenye mikono mirefu.

Homa baada ya kurudi

Hapa ndipo wengi hukosea. Kando ya ziwa malaria ipo mwaka mzima, na mkazi wa Nairobi hana kinga ya kutosha. Muone daktari kabla ya safari akupe dawa ya kuzuia, kwani baadhi huanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya kuondoka na kuendelea baada ya kurudi. Klorokwini ya zamani haifai. Kenya iliiacha mwaka 1998. Laleni ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, hata hemani.

Malaria kali haijitokezi kabla ya takriban siku saba tangu kuumwa na mbu. Mara nyingi huchukua wiki mbili, na huweza kuchelewa zaidi. Wakati huo umesharudi kazini na safari umeisahau. Ukipata homa, kutetemeka, maumivu ya viungo au kutapika, usinunue dawa ya mafua ukangoja. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upimwe damu, na umwambie daktari waziwazi: "Nilikuwa Homa Bay," au "Nilikuwa Migori." Maneno hayo machache huweza kuokoa maisha yako. Mjulishe pia mwenzako wa safari, kwani mbu aliyekuuma huenda alimuuma naye.